Mashine, Malka na Maji Yanayohama: Kulima Ukingo wa Tana mjini Garissa

Hotuba kwa vikundi vya wakulima na wafugaji wa ukingo wa mto

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, akina mama wa vikundi, vijana wa mashine, na ndugu zetu wafugaji mliokubali kuja kukaa na wakulima chini ya mwembe mmoja: karibuni. Nina jambo moja tu, kisha nitalieleza mpaka mchoke. Kila kitu tunachokiweka ukingoni mwa Tana lazima kiweze kurudi nyuma. Mashine ya kupandishia maji, zao, ua, hata choo cha shambani. Mwenye kuweka kitu pale kana kwamba mto umeandikiwa kupita hapo hapo kila mwaka, ajue amekopa kwa mto, na mto hudai usiku.

Garissa ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki tangu 1963 mkoa ulipoundwa mpaka kaunti zilipoanza kazi 2013. Sensa ya 2019 iliipa kaunti watu 841,353. Ofisi zimebadilika majina, mabango yamepakwa rangi upya, lakini sababu ya mji kukaa hapa ni ile ile: barabara ya kutoka Nairobi inavuka mto hapa, na ukishavuka kuelekea Dadaab, Wajir na Mandera, hutauona tena mto kama huu. Ng'ombe wanauzwa hapa kwa sababu wananywa hapa. Maembe na ndizi vinapakiwa hapa kwa sababu vinamea hapa. Wengi waliopoteza mifugo katika ukame wa miaka mbalimbali walikuja kukaa kandokando ya mji, wakaungana kwa vikundi, wakanunua mashine. Lakini tusijidanganye kwamba kilimo kilianza na mashine. Wamunyoyaya na Wamalakote, jamii za wakulima wa mto huu, walikuwa wakipanda kwenye unyevu uliobaki baada ya mafuriko zamani sana, bila lita moja ya dizeli.

Tuanze na mvua, maana ndiyo inayotufanya tununue mashine. Garissa hupata milimita 300 hadi 400 kwa mwaka, tena mwaka ukiwa mzuri. Mgomba uliokomaa, katika jua hili na upepo huu, hunywa milimita 6 hivi kwa siku. Januari hadi Machi hupita hapo. Zidisha 6 kwa siku 365, utapata milimita 2,190. Mvua yetu yote haifiki moja ya tano ya hapo, na hata hiyo kidogo hushuka kwa siku chache za Gu, mvua za masika, na chache za Deyr, mvua za vuli, nusu yake ikikimbilia kwenye laga, yaani mikondo ya msimu, kabla haijaloweka mzizi. Kwa hiyo mtu akikuambia analima kwa mvua hapa, muulize ni ekari ngapi na ni mwaka gani.

Milimita ni neno la ofisini, basi tuliweke kwenye mtungi. Milimita moja juu ya ekari moja ni lita 4,000 na ushei, yaani mitungi 200 ya lita 20. Ekari moja ya ndizi inayohitaji milimita 6 inahitaji lita 24,000 kila siku. Kwa wiki ni lita 168,000. Hesabu hii ikae kichwani, nitairudia mara mbili: mara moja kwa ajili ya dizeli, na mara ya pili kwa ajili ya ng'ombe.

Sasa mto wenyewe. Tana una urefu wa takriban kilomita 1,000, na maji yake hayanyeshi hapa. Yananyesha Aberdare na Mlima Kenya. Kati yetu na milima hiyo kuna mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. La zamani ni Kindaruma, 1968. La karibuni ni Kiambere, 1988. Masinga, lililokamilika 1981, ndilo kubwa, lina nafasi ya mita za ujazo milioni 1,560 hivi, na ndilo linalotusaidia kiangazi, kwa sababu umeme ukizalishwa kule maji yanateremka huku. Likijaa linamwaga lenyewe juu ya ukingo wake, halingoji mtu afungue.

Kila mto unapofura, mjini husemwa “wamefungua mabwawa.” Mara nyingine ni kweli kwamba mabwawa yanamwaga. Lakini chini ya Kiambere kuna mito mingine inayoingia Tana bila bwawa lolote la kuizuia: Mutonga, Kathita, Ura. Mvua kubwa ikinyesha Meru na Tharaka, maji hayo yanakuja moja kwa moja. Na karibu zaidi zipo laga, kama ile ya Tula, ambazo miezi minane ni mchanga mtupu, kisha siku moja zinabeba basi.

Kwa mkulima, hayo ni mafuriko matatu yenye mwendo tofauti. La laga linakuja kwa saa, limejaa matawi na kinyesi cha mifugo, linapanda ghafla na kushuka upesi. La mito ya Meru linachukua siku kadhaa. La mabwawa linachelewa, lakini likifika linakaa wiki, wakati mwingine zaidi, na hilo ndilo linaloua mimea, kwa sababu mzizi haufi kwa kuloa bali kwa kukosa hewa. Wazee hapa wanakumbuka 1961. Wengi wenu mnakumbuka El Niño ya 1997 na 1998, kisha 2018. Novemba 2023 barabara ilikatika upande wa Madogo, na Aprili 2024 ikakatika tena; boti ikapinduka pale Kona Punda, watu wakafa. Mwenyezi Mungu awarehemu. Safari zote mbili mashine nyingi zilizama pia, na nyingi kati ya hizo zilizama kwa kosa linaloweza kurekebishwa kwa kamba.

Nieleze kamba hiyo. Mashine yako isikae juu ya sakafu ya saruji karibu na maji. Iweke juu ya kitoroli cha magurudumu mawili, au juu ya magogo mawili yaliyochongwa mbele kama mtumbwi, ili iweze kuburutwa. Funga kamba nene kutoka kwenye kitoroli mpaka kwenye shina la mti ulio juu ya ukingo, na njia ya kuiburuta iwe imefyekwa, isiwe na visiki. Watu wawili waweze kuipandisha gizani kwa robo saa. Maungio ya mipira yawe ya kufunguka kwa mkono; nati iliyoshika kutu itakulaza macho. Halafu pigilia kigingi kirefu majini chenye misumari kila sentimita 10. Kitazame magharibi na alfajiri. Maji yakipanda misumari mitatu kwa usiku mmoja na hapa hapakunyesha, usingoje habari za redio. Pandisha mashine kwanza, uliza baadaye. Ukikosea umepoteza siku moja ya kumwagilia. Ukipatia umeokoa mtaji wa kikundi kizima.

Wapo wanaosema mashine ibaki juu moja kwa moja, isishuke kabisa. Hapo fizikia inakataa. Pampu haivuti maji kama tunavyodhani. Inaondoa hewa kwenye mpira wa kunyonya, na uzito wa hewa ya nje ndio unaosukuma maji yapande. Uzito huo una kikomo: kwa nadharia mita 10 tu, na kwa pampu ya kawaida iliyotumika miaka miwili, mita 6 au 7 ni bahati. Tena kila mita unayoongeza inapunguza maji yanayotoka. Jitahidi kimo kati ya maji na pampu kisipite mita 4. Ukingo wako ukiwa na mita 6 au 7 wakati wa kiangazi, chonga ngazi katikati, upana wa mita 2, uiweke mashine hapo. Upande wa kusukuma hauna shida hiyo: kutoka kwenye pampu kwenda juu, kikomo ni nguvu za injini.

Na mahali pa kuchonga ngazi hiyo? Hapa ndipo wengi wanakosea, kwa sababu wanachagua mahali walipopewa shamba wala hawaangalii mto unavyojikunja. Kwenye kona, maji yanakimbia upande wa nje na kuchimba; upande wa ndani yanapunguza mwendo na kutua mchanga. Ukiweka pampu upande wa ndani, mwaka wa kwanza maji yapo, mwaka wa pili una ufuo mzuri wa kucheza mpira na mto uko mita 30 mbele yako. Ukiiweka upande wa nje una maji ya kina mwaka mzima, lakini ukingo unamegwa. Tafuta sehemu iliyonyooka baadaye kidogo ya kona ya nje, mahali ambapo migunga mikubwa ya mtoni bado imesimama na mizizi yake inaonekana imeshika udongo. Miti hiyo usiikate hata kama inakuzibia jua la migomba. Ukiikata umemfungulia mto mlango.

Mnaona nasema mto unahama, na kuna atakayesema hayo ni ya miaka mia. Mradi wa umwagiliaji wa Hola, chini yetu huku, ulianza miaka ya 1950 ukiwa na pampu, mifereji na serikali nyuma yake. Mwaka 1989 mto ulihama na kuacha mahali pa kuchotea maji. Mradi ukasimama kwa miaka mingi. Kama mto ulimwacha mwenye wahandisi, hautamwonea haya mwenye mashine ya inchi tatu.

Kuhusu mashine inayonguruma bila kutoa maji, maana naona vijana wananitazama kwa swali hilo. Usikimbilie injini. Karibu kila mara tatizo liko kwenye mpira wa kunyonya. Anza chini: ile valvu yenye chujio mwishoni mwa mpira ndiyo inayozuia maji yasirudi. Jani moja au ganda la mathenge, ule mti wa miiba unaovamia malisho, likikwama kwenye kibao chake, haifungi, na maji uliyoijazia pampu yanarudi mtoni polepole huku ukivuta kamba ya kuwashia mpaka bega linauma. Jaribio ni rahisi: jaza pampu maji mpaka juu, ngoja dakika tano, tazama. Yakishuka, valvu inavuja. Yakibaki, tafuta hewa inayoingia kwenye maungio: paka tope zito au grisi kuzunguka kila kibano, kisha washa. Mahali ambapo tope linafyonzwa ndani, ndipo penye tundu. Kama maungio ni mazima, tazama kina. Mdomo wa mpira ukiwa chini ya uso wa maji kwa sentimita 10 tu, utaona kimbunga kidogo kinazunguka juu yake. Hicho kinameza hewa. Uzamishe nusu mita. Lakini pia usiguse chini. Tana hubeba mchanga na tope laini, na mpira uliolala kitandani mwa mto unanyonya msasa. Funga valvu chini ya mtungi mtupu uelee, mdomo ukae angalau sentimita 30 kutoka chini, kisha uzungushie pipa la plastiki lililotobolewa matundu madogo. Kuna sababu nyingine ambayo watu hawaiamini mpaka wapasue mpira: ngozi ya ndani ya mpira wa zamani hubambuka na kuziba, huku nje ukiwa mzima kabisa.

Ukishamaliza yote hayo na bado maji ni hafifu, fungua pampu uangalie gurudumu la ndani linalosukuma maji. Mapezi yake yakiwa yamelika kama kisu cha zamani, mchanga umeshafanya kazi yake, nunua jipya. Na usiiwashe pampu kavu “kuisikiliza tu.” Sili yake inapozwa na maji yenyewe. Dakika chache bila maji, inaungua.

Sasa narudi kwenye lita 168,000. Hizo ndizo zinazofika kwenye mzizi. Mfereji wa udongo usiopigwa sawa unapoteza nusu njiani, kwa hiyo lazima usukume lita 336,000 kwa wiki kwa ekari moja. Mashine ya inchi tatu, kibandiko chake kinaweza kusema mita za ujazo 60 kwa saa. Ukishaipandishia mita 4 za kunyonya na mita kadhaa za kusukuma, pamoja na mpira mrefu, ni vizuri ukihesabu 30. Hapo ni saa 11 kwa wiki kwa ekari. Ukitumia lita moja ya mafuta kwa saa, ni lita 11. Sasa badilisha mfereji mkuu tu, ule wa kutoka kwenye mashine mpaka kichwani mwa shamba, uwe mpira bapa wa plastiki. Upotevu ukishuka kutoka nusu hadi asilimia 30, unasukuma lita 240,000, saa 8. Umeokoa lita 3 za mafuta kila wiki kwa kila ekari. Kikundi cha ekari 20 kinaokoa lita 60 kwa wiki. Mpira huo unajilipa kabla haujachanika.

Mifereji midogo ya ndani ya shamba isizidi mita 50 kwenye udongo huu wa kichanga, na mteremko wake uwe mdogo: kushuka sentimita 15 hadi 25 kwa mita 50 hizo. Ukizidi, maji yanakimbilia mwisho na kulaza migomba ya chini majini huku ya katikati ikiwa na kiu. Kupima hakuhitaji chombo cha bei. Mpira mwembamba unaopitisha mwanga wa mita 15, ujaze maji, mmoja ashike mwanzo na mwingine mwisho. Maji ndani ya mpira hayasemi uongo. Miembe isimwagiliwe kwa mfereji unaogusa shina. Ichimbie beseni la duara chini ya ncha za matawi, kwa maana mizizi inayonywa iko huko, na shina liachwe juu ya kichuguu kikavu lisioze. Saa nzuri ni jioni na alfajiri. Adhuhuri unamwagilia anga.

Mtauliza kuhusu jua, kwa kuwa tunaishi jirani na mtambo mkubwa wa sola uliofunguliwa Desemba 2019 juu ya hekta 85. Pampu za sola zinafaa, hasa kwa tangi la juu na mipira ya matone. Mtego wake ni kwamba paneli haziburutwi kwa kamba. Zifunge juu kabisa, nyuma ya alama ya mafuriko ya 2024, na pampu peke yake ndiyo ielee mtoni. Na vumbi la Garissa lifutwe kila wiki kwa kitambaa chenye maji, mapema kabla paneli hazijapata moto.

Zao nalo lirudi nyuma, yaani lipandwe kwa kufuata ngazi za ukingo. Karibu na mto, kwenye udongo mpya wa mafuriko na kwenye desheg, yale mabonde yanayobaki na maji ya mafuriko, panda kitu cha siku chache: pojo huwa tayari baada ya siku 60 hadi 70, kunde nazo hazichelewi. Panda maji yanapovuta nyuma, vuna kabla hayajarudi. Hata yakikupiku umepoteza mbegu tu. Juu yake migomba, mita 3 kwa 3, ambayo ni mashina 450 hivi kwa ekari. Mgomba unavumilia maji yanayopita kwa siku kadhaa, hauvumilii maji yaliyosimama na kupata moto juani, kwa hiyo achia mfereji wa kutolea maji kuelekea mtoni au kwenye desheg. Miembe ni migumu zaidi. Ipe mita 10 kwa 10, miti 40 kwa ekari; wenye kupanda mita 6 kwa 6 wanapata mavuno mazuri miaka michache, kisha msitu wenye ukungu wa maua na dawa isiyofika juu. Mpapai upande juu kabisa. Mizizi yake ikikaa majini siku mbili, tatu, umekwisha, hata kama majani yatadanganya wiki moja zaidi.

Nzi wa matunda nitawapitia mbio, kwa sababu mabwana ugani wameshawaeleza mara nyingi: embe lililoanguka lisilale chini. Liokote kila siku, utie kwenye mfuko mweusi wa plastiki, ufunge, uuache juani mpaka funza wafe. Mtego wa harufu ya kuvutia madume unakamata hao tu. Jike lililokwisha kupandwa linaendelea na kazi yake, na shamba la jirani lisilookota linakulishia nzi bure.

Udongo sasa. Ukanda mzuri ni mwembamba. Ukiondoka kwenye udongo mwekundu wa kichanga wa ukingoni na kuingia kwenye ule mweusi unaopasuka, au ule mgumu mweupe juu kama umemwagiwa unga, umefika mahali ambapo chini kuna magadi na chumvi. Mradi wa Bura ulikutana na hayo kwa gharama kubwa. Ulipangwa kwa hekta 6,700 na zilizotayarishwa wakati ule zilikuwa hekta 2,500 hivi. Udongo haukuwa sababu pekee, lakini ulikuwemo. Kabla ya kulipa trekta, fanya hivi: chimba mpaka goti, chukua donge kubwa kama tende lililokauka, liweke polepole ndani ya glasi ya maji ya mvua, usitikise. Ngoja saa mbili. Likimomonyoka na maji kubaki safi, vizuri. Likizungukwa na wingu la maziwa lisilotua, udongo huo una magadi. Ukiumwagilia utaziba kama saruji. Panda nyasi hapo, au uache.

Na nyasi si adhabu. Nyasi ya Sudan ikimwagiliwa inakatwa baada ya wiki sita hadi nane, na inachipua tena. Tengeneza sanduku la mbao la sentimita 85 kwa 55 kwa 45, lisilo na kitako wala mfuniko, pitisha kamba mbili, shindilia kwa miguu, funga. Robota moja la nyasi kavu litakaribia kilo 20. Mwezi wa pili, ng'ombe wakiwa mifupa, mfugaji atalitafuta robota hilo kwa bei ambayo nyanya haijawahi kukupa, wala halihitaji lori la kulikimbiza Dadaab usiku kwa kuogopa joto.

Mathenge mnayajua. Kukata juu ya ardhi ni kuyapogoa. Chimba, ukate mzizi sentimita 10 hadi 30 chini ya ardhi, chini ya ile shingo inayochipua. Maganda yake yasagwe kwa chakula cha mifugo. Yakiliwa mazima, mbegu zinapita tumboni na kupandwa popote penye kinyesi, malka kwanza, yaani njia za mifugo kushukia mtoni kunywa.

Hapo nimefika kwenye malka, na ndiyo sababu hasa wafugaji wameitwa.

Nilisema nitairudia hesabu ya maji. Ng'ombe mkubwa katika joto la kiangazi atakunywa lita 40 akifika mtoni. Kundi la ng'ombe 200 ni lita 8,000. Sasa linganisheni: ekari moja ya ndizi hunywa lita 24,000 kwa siku. Kundi zima la ng'ombe 200 linakunywa theluthi ya ekari moja ya ndizi. Kwa hiyo wanaosema wakulima na wafugaji wa Tana wanagombea maji, hawajahesabu. Maji yanatosha wote wawili. Kinachogombewa ni njia ya kuyafikia. Mashamba yameungana ua kwa ua kandokando ya mto, na ng'ombe aliyetembea siku mbili akiona maji mita 200 mbele yake, ua wa miiba haumzuii, wala mchungaji wa miaka 12 hamzuii.

Malka zilikuwepo kabla ya mashamba. Wazee wanazijua kwa majina. Ombi letu ni zipimwe na kuwekewa alama mbele ya wazee wa pande zote na chifu, kabla ya kiangazi, si damu ikishamwagika. Upana usipungue mita 50, makundi mawili yapishane, moja likishuka na jingine likipanda. Juu pawe na uwanja wa kungojea wenye vivuli. Kushuka kuwe upande wa ndani wa kona, kwenye ufuo wa mchanga wenye maji mafupi, mahali mamba anaonekana na ndama hatelezi. Mnaona ilivyo: pampu inataka upande wa nje, mnyama anataka upande wa ndani. Mto wenyewe umeshagawa. Pampu ziwe juu ya malka, kule mto unakotokea, malka iwe chini ya pampu, vinginevyo unanyonya tope la kwato. Na mahali pa kuchotea maji ya nyumbani pawe juu ya vyote viwili, pazungushiwe ua wa miti ndani ya maji kwa ajili ya mamba. Kila mwaka ni akina mama na watoto wenye mitungi wanaolipa uzembe huo.

Ua wa shamba uanzie mita 30 kutoka ukingoni. Sheria za maji zinataja mita 6 hadi 30 kulingana na upana wa mto, na kwa upana wa Tana hakuna ubishi kwamba ni 30. Kikundi kisicho na kibali cha kuchota maji kutoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji kianze safari hiyo sasa. Siku mgogoro ukifika kwa naibu kamishna wa kaunti, karatasi hiyo ndiyo ya kwanza kuulizwa. Mita 30 hizo si hasara. Ndizo njia ya kuburuta mashine, ndizo mizizi inayoshika ukingo, na kiangazi kikali ndizo njia ya dharura ya kundi lililokosea malka.

Ng'ombe wakiingia shambani, wahesabiwe na kutolewa kwa njia ile ile waliyoingilia, mimea iliyoharibiwa ihesabiwe shina kwa shina siku hiyo hiyo mbele ya mzee mmoja wa kila upande. Mashina 12 ya migomba ni mashina 12. “Shamba limeisha” haiwezi kulipwa, na ndiyo inayoleta panga.

Kitoroli cha mashine kiko chini pale kwenye ngazi, na mpira wake umetobolewa makusudi mahali pawili. Vijana wanne washuke na tope na grisi, tuone nani atayapata matundu yote mawili kabla jua halijapanda. Wazee, uwanja wa malka uko mita 300 kushoto kwetu. Tutakwenda na kamba ya kupimia baada ya chai.